Nani Alimfundisha Wakili Kazi?

Mwezi Oktoba 2022, kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala, hata watu ambao hawajawahi kukanyaga mahakamani walikuwa wakijadili mtihani wa mawakili. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalikuwa yametoka. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walifeli kabisa. Wote hao walikuwa na shahada ya sheria mkononi. Wapo waliosema vyuo vikuu vimegeuka viwanda vya vihiyo. Wapo waliosema wakubwa wanafunga mlango ili wagombanie wateja wachache. Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe.

Ugomvi huo siukati mimi leo. Nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu swali lililoulizwa mwaka ule ni la zamani kuliko taasisi yenyewe: mtu akishasoma sheria chuoni, ni nani anayemfundisha kazi ya uwakili?

Wakati wa mkoloni Chuo Kikuu hakikuwepo Tanganyika, na kijana wa Kiafrika aliyetaka kuwa wakili ilimbidi apande meli kwenda London. Huko aliandikishwa katika moja ya vyama vya kale vya mawakili, kama Lincoln's Inn au Gray's Inn. Alifanya mitihani, ndiyo, lakini vilevile alitakiwa kula. Sisemi kwa mzaha. Sharti mojawapo la kukubaliwa lilikuwa kuhudhuria chakula cha jioni katika ukumbi wa chama mara kadhaa kila muhula, na mahudhurio yalihesabiwa. Asili ya desturi hiyo ilikuwa na maana yake: zamani mwanafunzi alikaa meza moja na wakubwa wa kazi, akasikia wanavyobishana, akajifunza. Lakini kijana kutoka Bukoba au Moshi aliyekula chakula hicho katika miaka ya 1950 alirudi nyumbani akijua kushika uma, asijue jinsi ya kuandika hati ya kuuza kiwanja.

Tena kulikuwa na tatizo jingine. Uingereza wana mawakili wa aina mbili, mmoja wa kusimama mbele ya jaji na mwingine wa kukaa ofisini na mteja, kuandika mikataba na kutunza fedha zake. Kwetu wakili ni mmoja, anafanya yote. Aliyefunzwa London kusimama mbele ya jaji alikuja huku akakuta nusu ya kazi yake hajawahi kuiona. Na hao wenyewe walikuwa wachache mno. Tulipokaribia Uhuru, wenye leseni ya uwakili katika Tanganyika walikuwa kwa sehemu kubwa Wazungu na Waasia.

Mwaka 1960 serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Lord Denning, jaji mashuhuri, kuangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Taarifa yake ilitoka mwaka uliofuata. Kamati iliona upungufu huo huo: wanafunzi walirudi kwao bila mazoezi ya kazi na bila kuijua sheria ya nchi zao. Ikapendekeza kitivo cha sheria kwa Afrika Mashariki kiwe Dar es Salaam.

Ndivyo Chuo Kikuu chetu kilivyozaliwa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nchi zetu tatu ziligawana taaluma kama ndugu wanavyogawana shamba: anayetaka udaktari aende Makerere, anayetaka uhandisi aende Nairobi, anayetaka sheria aje Dar es Salaam. Ndiyo maana hata Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, ni mwanafunzi wa Mlimani.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Kenya walianzisha shule yao ya sheria ya kufundishia kazi mwaka 1963. Uganda wakaanzisha Kituo cha Maendeleo ya Sheria mwaka 1970. Sisi, tuliokuwa na kitivo cha kwanza, tulisubiri hadi mwaka 2008.

Kwa nini? Wengine watasema uzembe. Mimi sikubali moja kwa moja. Wahitimu wetu walikuwa wachache na wote walikuwa na mwajiri mmoja, yaani Serikali. Mark Bomani alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mtanzania mwaka 1965, kila kijana aliyetoka Mlimani alikuwa na kiti kinachomsubiri: ofisini kwake, katika uhakimu, au baadaye katika mashirika ya umma. Mhitimu alipangiwa miezi ya mazoezi serikalini, akazungushwa idara moja hadi nyingine, kisha akaulizwa maswali mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria kabla ya kuapishwa na Jaji Mkuu. Kijana mmoja akiwekwa chini ya wakili wa serikali mmoja, shule ya nini? Ofisi yenyewe ilikuwa shule.

Mlimani, wakati huo, walitufundisha mambo mengine. Tulisoma sheria pamoja na historia na uchumi wa siasa. Tulijadili sheria ni ya nani na inamlinda nani. Sijutii hata siku moja ya mijadala ile. Ila niseme ukweli: nilimaliza mwaka 1986 nikiwa naweza kuzungumza saa nzima juu ya dola na matabaka, na sijawahi hata mara moja kuandika hati ya madai.

Katika mazoezi nilipangwa ofisi ya sheria ya shirika moja la umma, ambalo jina lake nitalihifadhi. Wakili niliyewekwa chini yake alikuwa na majalada mpaka sakafuni. Asubuhi moja alinipa barua chache za mdaiwa mmoja, akaniambia niandike madai nikafungue shauri. Niliandika kwa Kiingereza kizuri sana, kurasa sita. Alisaini bila kusoma. Nikaenda masjala ya mahakama.

Palikuwa na karani mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba, msomi," na neno hilo la msomi alilitamka kwa namna ambayo nilijua yako mambo mbele. Akafunua kurasa, akanirudishia. "Thamani ya madai umeitaja wapi?" Sikuitaja. Sasa bila thamani, mahakama itajuaje kama ina mamlaka ya kusikiliza, na yeye atanitoza ada kiasi gani? Nikarudi ofisini. Siku ya pili akanirudishia tena: uthibitisho wa mwisho, pale mdai anaposema maelezo haya ni ya kweli kwa ninavyofahamu, haukuwa na tarehe wala mahali. Siku ya tatu nakala za wadaiwa hazikutosha. Siku ya nne alipiga mhuri, akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Haya, mwanangu. Sasa umefungua kesi."

Yote aliyonirudishia yameandikwa katika Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966. Niliisoma Mlimani na nikaifanyia mtihani. Lakini aliyenifundisha ni yule mzee, ambaye hakulipwa hata senti kwa kazi hiyo na hakuna cheti chochote kinachotaja jina lake.

Kitu cha pili sikufundishwa darasani wala masjala. Katika miaka ya 1960 walimu wa Kitivo cha Sheria walianzisha Kamati ya Msaada wa Sheria ya kuwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Siku chache nilikaa pembeni nikisikiliza. Mama mmoja alikuja na habari ya nyumba, mume amefariki, shemeji amebadilisha kufuli. Kila nilichojua juu ya mirathi kilikuwa kichwani mwangu kwa Kiingereza, na yeye alikuwa akiniuliza kwa Kiswahili, "Kwa hiyo mwanangu, leo nalala wapi?" Mahakama za Mwanzo zimeendesha kazi kwa Kiswahili tangu zamani, na kwa muda mrefu wakili hakuruhusiwa hata kuingia humo kumtetea mtu. Huko juu Kiingereza kilitawala mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miaka yote ile, basi, kijana alifunzwa kwa lugha moja ili kumhudumia mtu wa lugha nyingine, na daraja kati ya hizo mbili alijijengea mwenyewe.

Utaratibu ule wa zamani haukuvunjwa na mtu yeyote. Ulizidiwa. Mwaka 1992 Serikali iliunda tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na mengi yakauzwa au kufungwa. Ofisi zao za sheria, zile zilizokuwa zikipokea vijana, zikaenda nayo. Upande wa pili wanafunzi wakaongezeka. Tumaini kule Iringa wakaanza kufundisha sheria, Mzumbe ikawa Chuo Kikuu mwaka 2001, na vyuo vingine vikafuata. Wakili wa serikali aliyezoea kijana mmoja sasa akaletewa kundi. Wengine katika kundi hilo walimaliza miezi yao ya mazoezi wakibeba majalada na kuagizwa chai.

Ndipo Bunge likapitisha sheria ya mwaka 2007 kuanzisha Taasisi, na mwaka 2008 ikapokea wanafunzi wa kwanza. Mafunzo ni ya mwaka mmoja: sehemu darasani, sehemu mahakamani na katika ofisi za mawakili. Naona ulikuwa uamuzi wa lazima, ingawa umechelewa miaka 45 nyuma ya Nairobi. Lakini yako mambo ambayo taasisi haiwezi kuyafanya peke yake. Inaweza kumwekea mwanafunzi mahakama ya mfano na hati za mfano. Haiwezi kumpa mtu wa kumrudishia kazi yake mara tatu mpaka inyooke, kama mtu huyo hayupo huko ofisini anakopelekwa. Wale 265 wa mwaka 2022 sijui walipangwa wapi kwa mazoezi. Ningependa kujua ni wangapi kati yao waliwahi kupewa hati na mkubwa wao ikiwa na wino mwekundu.

Nasema hivyo nikijua kidole kinanielekea mimi pia. Kwenye ofisi yangu yuko binti wa mazoezi, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Jumatatu aliniletea hati ya kiapo aliyoiandika, akasema, "Naomba uniangalizie, baba, ukipata nafasi." Nimesoma aya mbili za mwanzo. Kesho nina shauri saa tatu asubuhi, keshokutwa niko Morogoro, na hati ile mpaka ninavyozungumza nanyi bado iko juu ya meza, chini ya gazeti.