Mipako ya alumini kwa aloi za tanuri

Mipako ya alumini ni tabaka jembamba lenye alumini nyingi linalojengwa juu ya chuma na aloi za nikeli zinazofanya kazi katika joto kali, hasa mabomba na vikapu vya tanuri. Huikinga metali isiliwe na oksijeni, salfa na kaboni. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi. Kinga halisi ni oksidi yake, inayoyeyuka juu ya nyuzi 2,000. Oksidi hiyo hukua polepole, na ikipasuka hujiziba upya maadamu alumini iliyo chini yake haijaisha. Oksidi ya kromi, kinga ya kawaida ya chuma cha pua, kwa upande wake huanza kupotea kama mvuke joto likipita takriban nyuzi 1,000.

Utengenezaji

Njia mashuhuri ni ya kufukia katika unga, iliyobuniwa katika kampuni ya General Electric nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kifaa husafishwa na kufukiwa ndani ya kasha lenye unga wa alumini, unga wa oksidi ya alumini unaozuia mchanganyiko usigandamane, na kloridi ya amonia kidogo. Hewa huondolewa kwa agoni au hidrojeni, kisha kasha hupashwa moto kwa saa kadhaa, kati ya nyuzi 700 na 1,100. Kloridi huigeuza alumini kuwa gesi. Gesi hiyo hufika kwenye uso wa kifaa, huacha alumini, nayo hupenya ndani. Juu ya nikeli huundwa kiwanja cha nikeli na alumini, NiAl. Juu ya chuma huundwa viwanja vya chuma na alumini, FeAl au Fe2Al5, ambayo ni ngumu lakini huvunjika upesi.

Kuchovya katika alumini iliyoyeyuka hutumika zaidi kwa mabati na mabomba ya moshi ya magari.

Matumizi

Katika tanuri za kuzalisha ethilini, nikeli na chuma cha bomba huchochea masizi magumu yanayoliziba, hadi kazi isimamishwe ili yachomwe. Mipako hupunguza tatizo hilo kwa kuzitenga metali hizo na gesi inayopita ndani ya bomba.

Udhaifu

Alumini huendelea kuzama ndani ya aloi, hivyo kinga huchakaa hata isipokwaruzwa. Sehemu za kulehemu huachwa bila mipako, au mipako hukwanguliwa kwanza. Tofauti na mipako, aloi za chuma, kromi na alumini, kama Kanthal ya Uswidi, hubeba alumini mwilini mwote. Mipako haiongezi nguvu: bomba lisilomudu mzigo wake katika joto hilo litapinda tu.