Deki na mikanda ambayo hatujaiacha



Juma hili tafakari yetu inaingia sebuleni. Katika nyumba nyingi za Tunduma na za vijiji vya Mkoa wa Songwe, chini ya televisheni bado ipo deki, na kando yake bunda la CD zilizofungwa kwa mpira. Katika nyumba chache zaidi, juu ya kabati, ipo pia mikanda myeusi ya VHS iliyofunikwa kitambaa. Vijana huicheka. Wao wana simu zinazoleta filamu za dunia nzima, nao hushangaa wazee wanang'ang'ania nini. Sisi tunaona kwamba wazee wanazo sababu, na sababu hizo zina historia.

Wengi wamesahau kwamba Tanzania Bara iliijua video kabla ya kuizoea televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jirani zetu wa Zambia walianza kurusha matangazo huko Kitwe mwaka 1961. Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipofunguliwa Dar es Salaam. Kufikia hapo VHS, iliyoletwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, ilikuwa na umri wa miaka 18. Basi kwa familia nyingi za Bara, kioo kile hakikuanza kuwa dirisha la kupokea alichopenda mtangazaji. Kilikuwa chombo cha kutazamia mkanda, na mkanda ni mali: unanunuliwa, unakodiwa, unaazimwa kwa shemeji na kudaiwa mwezi mzima. Asiyekuwa na deki alilipa kiingilio kidogo katika kibanda umiza, akabanana na wenzake kwenye benchi la mbao.

Humo vibandani ilizaliwa sanaa ambayo wasomi walichelewa kuitambua. Watafsiri waliziwekea filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, wakieleza, wakitania, wakiongeza hata mambo ambayo mwenye filamu hakuyawaza. Aliyejulikana kuliko wote ni yule aliyeitwa Lufufu. Mtu aliyeipenda filamu fulani kwa sauti yake haridhiki akipewa filamu hiyo hiyo ikiwa safi lakini bila mtafsiri. Kwake yeye, hiyo ni filamu nyingine.

Baadaye ikaja VCD, iliyobuniwa mwaka 1993. Marekani haikuijali sana, lakini Asia na Afrika ziliipokea kwa mikono miwili kwa sababu ya urahisi wa bei. Sahani moja hubeba takriban dakika 74 tu, na ndiyo maana filamu nyingi za Kitanzania zilizochipuka baada ya mwaka 2000 ziliuzwa zikiwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja kwa bei yake. (Wauzaji hawakulalamika.) Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, filamu zake zilikuwa tayari zimo majumbani mwa watu.

Tusidharau pia hesabu ya mfukoni. Kwa mkulima wa kahawa Mbozi, au kwa familia ya Momba inayotumia umeme wa jua, CD hulipiwa mara moja na kutazamwa mara mia. Filamu ya mtandaoni hudai bando kila inapotazamwa, na saa moja tu ya picha za kawaida huweza kumeza zaidi ya nusu gigabaiti. Mtu akiyapima hayo akachagua deki, hatuoni haki ya kumwita mshamba.

Lakini ipo sababu iliyo nzito kuliko bei. Mikanda ile juu ya kabati mara nyingi si ya filamu. Ni ya harusi, ya Komunyo ya Kwanza, ya upadrisho, ya mazishi ya babu. Mshereheshaji anasikika akiwakaribisha wageni "hapa Mbozi, Mkoa wa Mbeya", maana Songwe ulikuwa bado haujazaliwa. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Vitabu vya parokia hutunza jina la bibi harusi, tarehe na mashahidi. Sauti ya mama yake akipiga vigelegele haimo vitabuni. Imo katika utepe ule wenye upana usiofika milimita 13, na pengine haimo mahali pengine popote duniani.

Hapo uaminifu wa wazee unageuka kuwa kifungo. Anayetaka kuutunza mkanda lazima aitunze na deki, na deki za VHS hazitengenezwi tena: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Utepe nao hufifia hata usipoguswa. Vumbi la barabara kuu ya Tunduma huukwaruza, na unyevu wa masika ya Mbozi na Ileje huuotesha kuvu. Mkanda wenye kuvu usitiwe kwenye deki kabla ya kusafishwa, kwa kuwa utepe unaweza kukatika na uchafu ukahamia kwenye kichwa cha deki, kisha ukaharibu mkanda unaofuata.

Kwa hiyo, wenye mikanda ya namna hiyo na deki ambayo ingali inazunguka, tunawaomba msingoje sikukuu. Tafuteni fundi mwenye kifaa cha kuunganisha deki na kompyuta, muihamishie kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine. Kazi hiyo haiharakishwi: mkanda wa saa tatu huhamishwa kwa saa tatu kamili, ukicheza mwanzo hadi mwisho. Wanaosubiri itawapasa kuitazama harusi yote upya, pamoja na hotuba za wajomba.