Dapi Lililokula Dawa

Kipindupindu kiliporejea Migori mwaka 2025, wosia ulikuwa uleule: tia dawa kwenye maji ya kunywa. Yakishatiwa dawa yakae wapi? Kaunti jirani ya Homa Bay ilishalivalia njuga swali hilo robo karne iliyopita, kisha ikalisahau.

Maji ya Mjaluo tangu jadi hukaa katika dapi, mtungi mkubwa wanaoufinyanga kina mama. Maji hupenya kidogokidogo kwenye ukuta wake, hukaukia nje, na yaliyobaki ndani yakapoa. Jerikeni haiwezi hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la CARE Kenya na wataalamu wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walipeleka klorini katika vijiji vya huko. Vuta nikuvute ikaanza: ndoo ya plastiki au dapi?

Wenye ndoo walikuwa na hoja. Mdomo wa dapi ni mpana. Kikombe kikizama, mkono nao huzama. Tena udongo una mshiko. Chembe zake hunasa masalia ya majani na samadi, na vitundu vya ukutani hufuga utando wa vijidudu. Klorini hujimalizia nguvu humo, majini ikabaki haba. Dapi likala dawa.

Lakini mshiko huohuo ni neema. Tia shabu katika maji ya tope ya mto Kuja: udongo hugandamana, ukazama na uchafu ulioukumbatia. Ng'ambo, viwanda huutibu udongo wa bentonaiti kwa kemikali ili unase mafuta yaliyochafua maji.

Suluhu ya mvutano wa ndoo na dapi ilipitia mikononi mwa wafinyanzi. Walibana mdomo wa dapi, wakalitia mfuniko na bomba. Maji yakabaki baridi, mikono ikabaki nje. Ripoti ya watafiti ya mwaka 2001 inasema kwamba miezi sita baada ya mradi kuingia katika jamii 72, asilimia 33.5 walitumia klorini, na asilimia 18.5 walikuwa na mitungi iliyoboreshwa.

Kisha WaterGuard, klorini ya chupa, ikaja madukani, majerikeni yakajaa, na dapi la bomba likasukumwa pembeni.

Leo kila mlipuko hutuletea chupa mpya za dawa. Mfinyanzi, aliyejua udongo unashika nini na unaachia nini, haitwi hata mkutanoni.