Bahari, Ziwa na Mto: Tuwafundishe Nini Watoto Wetu wa Minnesota?

Jumamosi moja ya majira ya baridi tulikusanyika, wazazi na watoto, katika darasa letu dogo la Kiswahili hapa Saint Paul. Tuliwaomba watoto wachore mahali penye maji wanapopajua. Mtoto mmoja wa miaka sita akachora mto Mississippi, daraja juu yake, na magari matatu. Chini akaandika kwa herufi kubwa: BAHARI. Tulicheka. Tulipomwuliza kwa nini, akasema nyumbani baba husema "bahari" kila akiona maji mengi. Kicheko kikatukauka, maana baba mwenyewe alikuwa miongoni mwetu.

Ndugu wasomaji, kosa halikuwa la mtoto. Kwetu maji yana majina yake. Kuna chemchemi, kijito na mto. Kuna dimbwi linalobaki baada ya mvua, bwawa lililozuiwa kwa mikono ya watu, kinamasi, na ziwa. Kuna hori, ghuba, na bahari yenyewe inayopwa na kujaa, ambayo wavuvi wa pwani huijua kwa bamvua na kwa maji mafu. Watoto wetu tumewaachia neno moja au mawili, kisha tunalalamika kwamba Kiswahili chao ni chepesi.

Hata hivyo, mtoto yule hakuwa wa kwanza kukosea hivyo. Waliomtangulia walikuwa watu wazima waliosoma. Katika miaka ya 1850, wamisionari Johann Rebmann na Jakob Erhardt walikuwa Rabai, karibu na Mombasa, na Erhardt akakaa pia Tanga kwa muda. Waliwauliza watu wa misafara habari za bara. Kila msafara, hata ulioanza safari sehemu nyingine ya pwani, ulisema kwamba huko mbele kuna maji makubwa. Wamisionari wakaunganisha habari zote, na mwaka 1856 ikatolewa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Waliliita Bahari ya Unyamwezi.

Wapagazi na wafanyabiashara hawakusema uongo. Kila mmoja alisimulia maji aliyoyafikia yeye. Waliosikiliza ndio waliochanganya maji matatu yakawa mamoja. Na lugha zenyewe zilichangia, kwani Nyanza, Nyasa na Nyanja ni majina ya ukoo mmoja, na maana yake ni maji mapana. Asiyejua hilo atadhani anatajiwa ziwa lile lile.

Ramani hiyo ilizua mjadala mkubwa Uingereza, na mwaka 1857 Richard Burton na John Speke wakaondoka pwani kwenda kutazama. Walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir aliwaeleza wazi kwamba maji hayo ni maziwa matatu mbalimbali: Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na Ukerewe kaskazini. Februari 1858 wakafika Tanganyika. Tarehe 3 Agosti mwaka huo huo Speke, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India, akaliona lile la kaskazini karibu na Mwanza ya leo. Akalipa jina la malkia wake, Victoria. Vitabu tulivyosomea shuleni vilisema Speke "aligundua" ziwa. Kwamba huko Tabora aliambiwa mapema lilipo, hatukuambiwa.

Tunayakumbuka haya kwa sababu hapa tulipohamia mambo yalikwenda vivyo hivyo. Tumezoea kusoma kwenye bamba za magari kwamba Minnesota ni nchi ya maziwa 10,000. Idara ya Maliasili ya jimbo inahesabu 11,842, yale tu yenye ekari 10 au zaidi. Lakini ni wangapi kati yetu tumewaambia watoto kwamba jina la jimbo lenyewe ni la Kidakota, na kwamba "mni" maana yake ni maji? Neno hilo limo katika Minnesota, katika Minnehaha yenye maporomoko, na katika Minnetonka, yaani maji makubwa. Hata Minneapolis ni neno hilo lililofungwa pamoja na neno la Kigiriki la mji.

Mwaka 1832 Henry Schoolcraft alifikishwa kwenye chanzo cha Mississippi na Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, watu ambao tayari walikuwa na jina la ziwa hilo kwa lugha yao. Schoolcraft akachukua maneno mawili ya Kilatini, veritas na caput, akakata kichwa na mkia, akapata Itasca. Huyu naye vitabu vilisema aligundua.

Na ziwa lile la Minneapolis ambalo tulipofika tulilijua kwa jina la John C. Calhoun, makamu wa rais aliyetetea utumwa waziwazi, mwaka 2018 jimbo lililirudishia jina la Kidakota, Bde Maka Ska. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Minnesota, na mwaka 2020 ikaamuliwa kwamba idara ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Sisi tuliotoka katika nchi zenye Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Ziwa Edward tuna la kujifunza hapo.

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya majina tu. Sivyo. Sisi tuliosomea uhandisi tunajua kwamba maji yanayokwenda na maji yaliyosimama ni vitu viwili. Idara hiyo hiyo ya Maliasili hushauri barafu mpya iliyo ngavu iwe na unene wa angalau inchi 4 kabla mtu hajatembea juu yake, tena huonya kwamba barafu haiwi salama kwa asilimia mia. Barafu ya mto ni dhaifu kuliko ya ziwa, kwa sababu mkondo huila kwa chini bila kuonekana juu. Mtoto aliyefundishwa kwamba yote ni "maji" ataona wenzake wanacheza juu ya ziwa mwezi Januari, naye ataukanyaga mto kwa imani ile ile. Hapo kukosa neno kunaweza kumgharimu uhai.

Tangu Jumamosi ile, tukiwapeleka watoto penye maji tunawauliza maswali matatu. Maji haya yanakwenda au yamesimama? Yana chumvi au hayana? Na nani aliyapa jina, na kabla yake yaliitwaje? Kiangazi tuliwapeleka Duluth kwenye Ziwa Superior, lenye eneo kubwa kuliko maziwa yote duniani yasiyo ya chumvi, na Victoria ndilo la pili. Ng'ambo haionekani. Mtoto yule yule alisimama kwenye mawe akatazama muda mrefu, akachovya kidole, akakiramba, kisha akasema: "Si bahari. Ni ziwa." Tukamwambia kwamba Waojibwe huliita Gichigami, na kwamba jina hilo huelezwa kuwa ni maji makubwa, au bahari kubwa.

Akamgeukia baba yake: "Basi hata wao walisema bahari."

Safari hii tulicheka sote, na baba alicheka kuliko wote.