UFADHILI WA MASOMO NG'AMBO NA DENI LA KURUDI

Cecil Rhodes alipofariki mwaka 1902, wosia wake uliagiza kwamba sehemu kubwa ya mali yake, iliyochimbwa katika almasi na dhahabu ya Afrika Kusini, igharimie masomo ya vijana katika Chuo Kikuu cha Oxford. Walengwa walitoka katika makoloni ya Uingereza, Marekani na Ujerumani, kwa imani kwamba mataifa hayo makubwa yakifungamana kwa elimu hayatapigana. Hata hivyo, vita vilizuka mwaka 1914, na tena mwaka 1939. Wanawake nao walifungiwa mlango huo hadi miaka ya 1970. Nia ya mfadhili ni jambo moja. Matunda ya ufadhili ni jambo jingine, nayo huonekana katika maisha ya aliyefadhiliwa.

Adam von Trott zu Solz, Mjerumani, aliingia Oxford kwa ufadhili huo mwaka 1931. Mwishoni mwa mwaka 1939 alikuwa Marekani, mahali pa usalama, lakini mwaka 1940 alirejea kwao kuupinga utawala wa Hitler. Alinyongwa Agosti 1944.

Mwenzake katika mapambano hayo, Dietrich Bonhoeffer, mwanatheolojia wa Kilutheri, alikuwa na umri wa miaka 24 alipopata ufadhili wa kusoma katika Union Theological Seminary, New York, mwaka 1930. Huko alijifunza jambo ambalo halikuwamo katika mihadhara. Rafiki yake Frank Fisher, mwanafunzi Mmarekani mweusi, alimpeleka katika kanisa la Abyssinian Baptist, Harlem, naye akafundisha shule ya Jumapili huko. Aliporudi mwaka 1931 alibeba santuri za nyimbo za kiroho za watu weusi, na baadaye akawasikilizisha wanafunzi wake wa uchungaji huko Finkenwalde. Juni 1939 marafiki walimpatia tena kimbilio New York. Baada ya majuma machache aliondoka, akieleza kwamba asiyeshiriki mateso ya watu wake hatakuwa na haki ya kushiriki kuijenga upya nchi yao. Aliuawa tarehe 9 Aprili 1945.

Kurudi hakumpeleki kila msomi kifoni. Josiah Kibira alisoma Bethel, Ujerumani, na Chuo Kikuu cha Boston, kisha akarejea Bukoba. Elimu aliyoipata ng'ambo aliitumia kuchunguza uhusiano wa Kanisa na ukoo katika jamii yake mwenyewe. Mwaka 1964 alikuwa Askofu, na mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Kwa hiyo, barua ya ufadhili ifikapo katika nyumba ya msharika, shangwe ni halali. Pamoja na shangwe, kijana huyo na aulizwe mapema: elimu hiyo itakaporudi, itamkuta nani akiingoja?