Matuta ya Mlalo

Mawingu ya Bahari ya Hindi hupanda milima ya Usambara na kunyesha huko juu. Lushoto hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Nyika ya Mkomazi, upande wa pili wa mlima, huambulia karibu nusu yake. Ndiyo maana watu wa nyikani hutegemea mvua isiyowanyeshea wao. Maji yanayoporomoka Soni hushuka hadi Mombo, yakaingia mto Mkomazi, kisha mto Pangani. Mto Umba nao hukata nyika hadi baharini karibu na Vanga, Kenya.

Katika ufalme wa Wakilindi uliotawala milima hiyo, makao yake Vuga, mvua ilikuwa kazi ya utawala. Mfalme asiyepingwa aliaminika kuiponya nchi. Wakuu wanaogombana waliaminika kuiharibu. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ugomvi ukazuka. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki za kutosha kuitikisa Vuga.

Mwaka 1946 Waingereza walianza mradi wa hifadhi ya udongo Mlalo, baadaye wakaueneza sehemu nyingine za Usambara. Hoja yao haikuwa mbaya: maji yakiteremka ovyo kwenye mteremko huchukua udongo na kuacha chemchemi zikikauka, lakini tuta lililokingamishwa huyazuia mpaka yazame ardhini. Tatizo lilikuwa jembe. Waliolima matuta hayo zaidi ni wanawake, katika vishamba vilivyokwisha kubanana, na aliyekaidi aliadhibiwa. Amri ilipitia kwa machifu, hivyo aliyetarajiwa kuleta mvua akageuka msimamizi wa matuta. Watu walipinga, na mradi ukaachwa kabla ya Uhuru.

Mwaka 1981 mradi wa SECAP, ulioungwa mkono na Ujerumani, ulirudi kwenye miteremko ileile na wazo lilelile la kukinga maji, ila kwa njia nyingine. Mkulima alipanda majani ya Guatemala kukata mteremko. Mizizi ilishika udongo, majani yakalisha ng'ombe bandani, na samadi ikarudi shambani. Faida ilionekana nyumbani kabla ya kufika mtoni.

Hesabu moja bado haijakaa sawa. Mpunga wa Mombo hunywa maji ya mlimani, na mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, huzungushwa na mto unaopokea maji hayo. Anayekinga udongo kule juu huwatumikia wote hao, lakini gharama ya jembe lake hubaki kwake mwenyewe.