Salem na Unguja: Tarehe ya Bandari Moja ya Marekani

Salem iko pwani ya Massachusetts, kilomita 25 hivi kaskazini ya Boston. Kila mwezi wa Oktoba njia zake hujaa wageni wanaoulizia habari za wachawi. Kuuliza si vibaya, maana waliouawa hapo mwaka 1692 walikuwa watu wasio na hatia, na wasio na hatia wanastahili kukumbukwa. Lakini mji huu una tarehe nyingine, ya bahari na biashara, na ndani yake pwani yetu ya Afrika Mashariki ina sehemu kubwa kuliko wanavyojua wageni hao, na pengine kuliko tunavyojua sisi wenyewe.

Kabla ya Waingereza mahali hapo paliitwa Naumkeag, na wenyeji wake waliishi kwa uvuvi na kilimo cha mahindi. Maradhi yaliyoletwa na Wazungu yalikwisha kuwapukutisha kabla Roger Conant hajahamia hapo mwaka 1626 na kikundi kidogo cha watu. Baada yao wakaja Wapuritani, watu wa dini kali, nao wakaupa mji jina la Salem.

Habari za 1692 nitazieleza kwa ufupi. Katika kijiji kilichokuwa chini ya Salem, ambacho leo ni mji wa Danvers, wasichana kadhaa walianza kupagawa na kupiga mayowe. Wakawataja wanawake watatu kuwa ndio waliowaroga, na mmoja wao alikuwa Tituba, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris. Tituba alikiri, akaokoka. Wengi waliokataa kukiri uwongo ndio walionyongwa: wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alilazwa chini akarundikiwa mawe mpaka akafa. Nyumba ya Jonathan Corwin, mmoja wa mahakimu, bado imesimama. Hakimu mwenzake, John Hathorne, amezikwa katika makaburi ya Charter Street, na kando ya makaburi hayo mwaka 1992 yaliwekwa mawe yenye majina ya waliouawa. Mtu wa mwisho kusafishwa jina lake kisheria, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022.

Tuje sasa baharini. Utajiri wa kwanza wa Salem ulikuwa samaki wa chumvi. Wabora waliuzwa Ulaya, na wabaya wakapelekwa visiwa vya Karibi kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa. Mwaka 1762 familia ya Derby ilianza kujenga gati ambalo baadaye lilirefushwa likafika mita 600 hivi ndani ya maji, nalo lipo hadi leo. Ilipokaribia vita ya kujitoa katika utawala wa Uingereza, Salem ilitangulia kukaidi: Februari 1775, miezi miwili kabla ya risasi za Lexington zilizoanzisha vita hiyo, Kanali Leslie wa Uingereza alikuja na askari kutafuta mizinga iliyofichwa, wananchi wakainua daraja la mto, na askari wakarudi mikono mitupu. Vita ilipoanza, merikebu za Salem zilipewa ruhusa ya kuteka meli za Waingereza. Amani iliporudi, matajiri walikuwa na vyombo vikubwa na mabaharia hodari, ila masoko ya Waingereza yalikuwa yamefungwa kwao. Ikawabidi kwenda mbali zaidi.

Elias Hasket Derby aliipeleka Grand Turk hadi Canton, Uchina, ikafika huko mwaka 1786. Nahodha Jonathan Carnes alileta pilipili manga kutoka Sumatra. Nathaniel Bowditch, mwana wa Salem aliyejifundisha hesabu mwenyewe, alitoa mwaka 1802 kitabu cha uongozaji wa meli ambacho mabaharia wa Marekani walisafiri nacho kwa vizazi. Mwaka 1799 manahodha walianzisha chama chao, na sharti la kuingia lilikuwa mtu awe amepita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Walikusanya vitu vya ajabu kutoka kila bandari, na mkusanyo huo ndio chimbuko la makumbusho ya Peabody Essex, katikati ya mji.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1807 Rais Jefferson alizuia meli za Marekani kufanya biashara na nchi za nje, na mwaka 1812 ikaja vita nyingine na Uingereza. Boston na New York, zenye bandari zenye kina kirefu, zikaipita Salem. Wafanyabiashara wa Salem waliobaki wakatafuta bandari ambazo wakubwa hawajazifikia, na katika miaka ya 1820 merikebu zao zikaanza kutia nanga Unguja.

Walichokitaka kwanza ni sandarusi. Gundi hii ngumu, iliyochimbwa ardhini katika Mrima, ilitengenezwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Ilipelekwa ikiwa na mchanga wake hadi Salem, na huko Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Pamoja nayo walichukua pembe za ndovu, ngozi na karafuu. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikakatwa vitana na vibao vya piano. Walicholeta wao ni merikani, ile nguo nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na New Hampshire. Merikani ilipendwa kwa uimara wake, ikasafiri na misafara hadi bara, na huko ikatumika kama fedha. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli za kigeni 41 zilifika Unguja, na 32 kati yake zilikuwa za Marekani.

Mkataba ulifuata biashara. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, alimlalamikia Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, kuhusu shida alizozipata Unguja, kisha akarudi akiwa mjumbe wa Rais wake. Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ulitiwa sahihi Maskati, ukaweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa. Mwaka 1837 akafika konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mzaliwa wa Salem. Alikuwa mcha Mungu aliyechukia utumwa. Hata hivyo mshirika wake wa kila siku alikuwa Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Unguja na kutoza ushuru wa kila kilichopita, watumwa wakiwamo. Mwaka 1840 Sayyid Said alituma merikebu yake Sultana hadi New York chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na pembe, karafuu, kahawa na tende. Picha ya Ahmad iliyochorwa huko na Edward Mooney imebaki hadi leo.

Hapa ndipo tarehe ya Salem inaponigusa zaidi. Pamba iliyofumwa merikani ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Nguo hiyo ilivuka bahari ikanunua pembe zilizobebwa vichwani na wapagazi, na wengi waliotoka bara pamoja na pembe hizo walikuja kuuzwa wao wenyewe. Mtu mweusi alikuwa mwanzo wa biashara hiyo na mwisho wake. Na mjini Salem kwenyewe, katika miaka hiyohiyo, walikuwako waliolisema jambo hilo kwa sauti. John Remond, mtu mweusi kutoka Curaçao, aliandaa karamu za matajiri katika Hamilton Hall, ukumbi uliojengwa 1805. Mwanawe Charles Lenox Remond alizunguka Marekani na Uingereza akihubiri dhidi ya utumwa. Binti wa John, Sarah Parker Remond, alifika Uingereza mwaka 1859 na kuwaeleza watu wa viwanda vya nguo pamba yao inatoka mikononi mwa nani. Hamilton Hall ipo bado, na kwa maoni yangu mgeni mweusi anayefika Salem aende huko kabla ya nyumba yoyote ya wachawi.

Forodha ya Salem, jengo la matofali la 1819 lenye tai wa dhahabu juu, iliajiri mwaka 1846 mwandishi Nathaniel Hawthorne, kilembwe cha yule hakimu Hathorne wa 1692. Alikaa pale hadi 1849, bandari ikiwa imekwisha kupoa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 iliikata pamba, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Mwaka 1870 merikebu ya mwisho kutoka Unguja iliingia Salem.

Fedha ya biashara hiyo haikupotea. Nahodha John Bertram, mmoja wa wakubwa wa biashara ya Unguja, alianzisha hospitali ya mji, na baada ya kifo chake warithi wakalitoa jumba lake liwe maktaba ya umma, nalo ndilo maktaba mpaka sasa. Mjukuu wake, Caroline Emmerton, alinunua mwaka 1908 ile nyumba ya 1668 yenye mapaa saba iliyotajwa na Hawthorne katika riwaya yake, akaifungua kwa wageni mwaka 1910, na kiingilio kikasaidia kuwafunza wahamiaji wapya. Gati la Derby na forodha vilitangazwa mwaka 1938 kuwa eneo la kihistoria la taifa, la kwanza Marekani.

Ndugu zetu wengi wanaishi Boston na miji ya jirani. Treni ya kwenda Salem haichukui hata saa moja. Nendeni na watoto wenu, anzeni gatini, kisha ingieni makumbusho mkaulize vitu vilivyotoka Unguja viko chumba gani.